Ukuta Mmeupaka Mweupe, Ndege Wetu Wako Wapi? Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Mji

Kwa wakubwa wote mnaoshughulika na kuta, miti na usafi wa mji wetu wa Unguja,

Asalaam aleikum, na kwa walio wangu, Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii ni juu ya ukuta wa mtaa wetu, tuliouchora ndege na nyie mkaupaka mweupe, na haina muhuri. Ile yenye muhuri niliileta mwenyewe mwezi wa tatu nikaambiwa niiache kwa sekretari, nikaiacha, na tangu siku ile kila nikiuliza naambiwa mhusika katoka kidogo. Basi acha nisemee huku nje kila mtu asikie, na anaemjua mhusika amfikishie.

Mie ni padri mmisionari. Najua mkisikia mmisionari mnamtazamia mzungu wa ndevu na kofia ya jua, la, mie mtu wa bara, nimeshuka hapa bandarini na begi langu kama watu wengine, nna miaka kumi na saba Zanzibar, miwili katikati nilikaa Wete, Pemba. Nakaa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, majirani zangu karibu wote Waislamu, tunazikana na kupelekeana futari na mandazi ya Krismasi, na watoto wa mtaani wananiita Padri Ndege kwa sababu natembea na darubini kuukuu shingoni hata nikienda sokoni. Mtu mzima kusimama njiani katazama juu ya nguzo ya umeme robo saa nzima, si ajabu wakakupa jina.

Ukuta wenyewe mnaujua maana nyie ndo mlioupaka. Ni wa matofali ya saruji, kama mita ishirini na tano hivi, uko nyuma ya kiwanja cha watoto, na miaka yote ulikuwa umeandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000 na chini ya maandishi hapakauki. Vijana wanane wa mtaa, wengine wamemaliza skuli hawana kazi, mmoja wao fundi rangi hasa anapaka mahoteli huko Paje na Nungwi, wakanijia jioni moja wakasema Padri tunataka kuchora pale, tuchore nini. Nikawasimulia kitu nilichokiona New York nilipopelekwa kusaidia parokia miezi michache. Kule mtaa wa Harlem, upande wa juu, kuna mradi ulioanza 2014, wanachora ndege kwenye mageti ya maduka na kwenye kuta za majumba, ndege wa Amerika Kaskazini ambao mabadiliko ya hali ya hewa yatawamaliza, wako zaidi ya spishi 300, na michoro imeshapita mia. Duka likifungwa usiku geti linashuka, ndege anatokea. Wamechagua mtaa ule kwa sababu mchoraji wa ndege maarufu wa Marekani, John James Audubon, aliishi huko na kaburi lake liko huko, alifariki 1851.

Vijana wakapenda. Lakini nikawaambia na upande wa pili wake, sipendi kuuza hadithi nusu: Audubon yule alimiliki watumwa. Na ndege aliowachora vile kama wako hai, aliwapiga bunduki kwanza halafu akawatia waya wasimame vizuri. Siku hizi hata Wamarekani wanabishana kama jina lake liendelee kutumika. Kijana mmoja akasema, Padri, sisi mji wetu umejaa hayo, tutachora bila bunduki. Tukacheka, na ndo ikawa.

Sasa tuchore ndege gani? Bibi yake kijana mmoja ni mtu wa Konde, Pemba, karibu na msitu wa Ngezi, basi kijana huyo akaleta hoja tuchore ndege wa Pemba peke yao, na mie nikafurahi mpaka nikasahau kahawa yangu mezani. Maana waheshimiwa, sijui wangapi kati yenu mnajua kwamba Pemba ina ndege wanne ambao hawako popote pengine duniani. Kuna ninga wa Pemba, njiwa wa kijani. Kuna chozi wa Pemba, yule mdogo anaenyonya maua, dume anang'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Kuna kindege kingine kidogo cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Na kuna bundi wa Pemba, mdogo, wengine wao wekundu wa kahawia, anakaa msituni na mpaka kwenye mikarafuu, na huyu nilipokaa Wete nilikuwa namsikia usiku, sauti moja fupi, ananyamaza, halafu moja tena, kama mtu anaekata tamaa kukuita. Watu wa hapa bundi hawamtaki, mnajua wenyewe kwa nini, akilia juu ya paa mtu anatafuta jiwe. Na popo mkubwa wa Pemba naye yuko kule tu, watoto walitaka awemo, ikabidi tukae kikao kizima kuamua kama popo ni ndege. Hakuingia.

Kabla brashi haijagusa ukuta akanijia maalim wa madrasa ya pale jirani, mtu nnaemheshimu, barza tunakaa pamoja. Hakuja na kelele. Akasema Padri, madirisha ya madrasa yangu yanatazama ukuta ule, na mie siwezi kusomesha watoto msahafu mbele yao pana viumbe wenye roho waliochorwa wanawatumbulia macho. Nikamwambia maalim una haki. Na kweli anayo, tazameni milango ya zamani ya mji huu, mafundi wamechonga maua, minyororo, mitende, aya za Kurani, lakini uso wa kiumbe ni nadra kuuona, na samaki akichongwa anachongwa kwa mafumbo mpaka uambiwe ndo umjue. Watu wamechonga namna hiyo kwa karne, nani mie nije na makopo ya rangi niwafundishe kazi.

Tukakwama kama wiki. Alietukwamua ni bibi muuza mandazi, hajui kusoma, akasema si muwachore wamelala. Wamelala vipi? Akainamisha kichwa akakifukia kwapani. Maalim akacheka, akaenda kuuliza kwa wakubwa wake kwenye elimu yao, akarudi akasema bila uso hana tatizo. Basi ukuta mzima ukawa usiku. Mikarafuu, mbaamwezi, na ndege wamelala vichwa ndani ya mabawa, bundi peke yake yuko macho lakini kawapa mgongo watu wote. (Wataalamu mtasema ninga halali hivyo, na ni kweli, jamii ya njiwa hawafukii kichwa, wanajikunyata shingo tu. Nilijua. Nilinyamaza, kuna wakati wa kunyamaza.) Watoto wakapewa kipande cha chini wachore mayai na viota, na mmoja kampa ninga miguu mitatu, hatukuifuta.

Pesa ilitoka mtaani, elfu mbili elfu tano, na fundi wetu akaleta rangi zilizobaki kwenye kazi za hoteli. Wiki tatu. Na niwaambie jambo moja ambalo maalim ndo alieligundua kwanza: watu waliacha kukojoa pale. Faini elfu hamsini ilishindwa miaka kumi, ndege waliolala wakaweza.

Halafu mkaja. Alhamisi alfajiri, gari na vijana wa vizibao vya kung'aa, ndoo na roleri, ilipofika saa tatu asubuhi ukuta umekuwa kama sanda. Tukauliza tukaambiwa mgeni mkubwa anapita, mji unatakiwa uwe safi. Mti wa mkungu uliokuwa pembeni nao ukakatwa siku hiyo hiyo, ati majani yake yanachafua njia, na yanachafua kweli, mkungu unapukutisha majani mekundu makubwa kama sahani, lakini chini yake ndo wazee walikuwa wanacheza bao na juu yake usiku popo wanakula kungu. Mgeni mwenyewe alipitishwa njia nyengine. Na baada ya wiki mbili pale ukutani pameandikwa tena, kwa mkaa safari hii, USIKOJOE. Mnajua kinachoendelea chini yake.

Sitaki kuwatukana, wale vijana wa roleri mmoja wao alitikisa kichwa akaniambia Padri samahani ni kazi. Nnachotaka kusema na nyie ni hilo neno usafi.

Miaka ya 1890 kuna wakubwa wa mji huu huu walitaka usafi. Taka zilikuwa zimezidi, wakaagiza kunguru kutoka India waje wale taka. Wakaja, wakala taka kweli, halafu wakala mayai ya ndege wengine, wakala makinda, wakaiba samaki wa akina mama, wakazaana, wakavuka mpaka bara, na miaka zaidi ya mia baadae serikali ikawa inahangaika na kampeni za kuwatega na kuwatilia sumu. Mie asubuhi natoka na darubini nahesabu kunguru arobaini kwa kila ndege mwengine mmoja, na kila nikiwaona nafikiria kikao kile walichokaa wakakubaliana, sidhani kama kuna mtu alitumwa kwenda kumuuliza mvuvi au mama mwenye vifaranga.

Na kunguru mwenyewe, maskini, hana kosa, kwenye vitabu vyetu vyote viwili kapewa heshima. Kwetu ndie ndege wa kwanza Nuhu aliemtoa safinani kabla ya njiwa. Kwenye Kurani ndie Mungu aliemleta akachimbua ardhi ili yule mtoto wa Adamu aliemuua ndugu yake ajue namna ya kumsitiri. Watoto wa madrasa wakanisimulia cha kwao na mie nikawasimulia cha kwangu, tumekaa chini ya mkungu huo huo mlioukata, wakanipa na hudihudi wa Nabii Suleiman na ababili wa mwaka wa tembo, mie nikawapa shomoro na mbayuwayu wa Zaburi wanaojenga viota karibu na madhabahu. Sikumbatiza mtu, wala hakuna alienisilimisha, tulikuwa tunatafuta ndege wa kuchora.

Sasa twende kwenye urithi, maana nyie mkiongea kwenye redio hamuishi kutaja urithi, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Vizuri. Nendeni Kizimkazi Dimbani. Pale msikitini kuna maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe kwenye mihrabu, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Karne ya 18 msikiti ulijengwa upya. Mafundi wale wangeweza kusema haya maandishi ya kizamani nani anayasoma, piga chokaa. Hawakupiga, wakajenga wakayazunguka, na leo ndo nyie mnapeleka watalii.

Au Mkunazini kwa ndugu zetu Waanglikana. Soko la watumwa lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza, mwaka huo huo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa pale pale. Askofu Edward Steere, ambae Kiswahili chetu kina deni kwake, alikuwa ndie msimamizi, na inasimuliwa siku moja alisafiri, mafundi wakasimamisha nguzo za sehemu ya ubatizo kichwa chini miguu juu. Karudi kakuta. Ziko hivyo mpaka leo, nendeni mkatazame. Mie kila nikipita pale namkumbuka ninga wa miguu mitatu. Na ndani mna msalaba uliotengenezwa kwa mti uliozikiwa moyo wa David Livingstone kule Chitambo, Zambia ya sasa, nae alikufa 1873. Mti nao ulikatwa, lakini kuna mtu aliefikiria ubao wake uende wapi. Wa mkungu wetu umekwenda kwa muuza mkaa.

Na sisi Wakatoliki tusijifanye wasafi. Wamisionari wa kwanza wa kwetu walifika hapa Desemba 1860 wakiongozwa na padri Armand Fava kutoka Réunion, kwa ruhusa ya Sultan Majid, Mwislamu, ambae hakulazimika kuturuhusu. Miaka ya 1890 wakajenga lile kanisa la minara miwili kule Shangani, ndani kuna michoro ukutani ya Agano la Kale. Mie nasali mbele yake na nnaiona ilivyofifia, na palipoguswa tena mkono wa pili haukuwa kama wa kwanza. Bara huko nilikotoka wapo wamisionari waliochoma ngoma na kukata miti ya matambiko ya wazee wetu, babu yangu aliniambia mwenyewe akiwa kanisani na rozari mkononi. Na wao waliita usafi. Ndo maana roleri likipita kwenye kitu cha watu mie tumbo linanikata, nalijua roleri hilo, kuna wakati lilikuwa limeshikwa na wenzangu.

Kuna mtu atasema huyu padri anataka mji wote uchorwe. Hapana, na kwenye hili niko upande wenu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua, maji yanaingia na kutoka, ukizipaka rangi za plastiki au ukapiga plasta ya saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inajaa, plasta inavimba inabanduka, na boriti zinaanza kuoza kimya kimya. Nimeona vijana wanapaka michoro ya simba na machweo kwenye ukuta wa jumba la miaka mia na hamsini ili mtalii apige picha, nikaumia. Pale zuieni, tena kwa ukali. Jumba la Ajabu lilipoanguka upande mmoja 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, nilikuwa nimetoka kwenye misa ya Krismasi, sitaki kuona tena jambo kama lile. Lakini ukuta wetu ni tofali za saruji za Ng'ambo, hauna hata miaka thelathini, hauna cha kupumua. Ng'ambo ipo tele kuta za namna hiyo. Huko mjini chokaa, huku kwetu rangi. Mbona ni rahisi tu.

Nnachoomba sasa. Ukuta mturudishie, yaani mtamke tu kwamba tukichora hamtokuja tena Alhamisi. Siku nyengine mkitaka kufuta kitu mtaani mwambieni sheha, mkubwa wa serikali wa mtaa, siku tatu kabla, na sheha atuambie sisi, na mtu wenu aje akae nasi robo saa, pengine tutakubaliana kufuta, maana si kila kilichochorwa kizuri, kuna mitaa najua michoro yake ningeifuta mwenyewe kwa mikono yangu. Kisiki cha mkungu kiacheni. Kimeshachipua, nimehesabu machipukizi saba, na jumatatu kuna mtu kaja na kidumu cha dawa ya kuua visiki akasema katumwa, wazee wa bao wakakaa juu ya kisiki mpaka akaondoka. Wamekaa mpaka magharibi, wana miaka sabini na kitu hao, msiwarudishe pale kwa mambo ya kisiki.

Fundi wetu kashapiga hesabu. Ile nyeupe mliyopaka ni nzuri, mmepaka kozi mbili, itafaa kuwa ya chini, tunahitaji ndoo mbili tu za buluu iliyoiva na vikopo vya kijani, manjano na kahawia. Safari hii maalim kaomba hudihudi, na yeye alale. Popo bado anajadiliwa.

Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri, madrasa wakishatoka. Mwenye neno aje alisemee pale pale, kahawa ya bibi muuza mandazi itakuwepo, na mhusika aliekuwa katoka kidogo, kama karudi, nae akaribishwe.

Padri Ndege,
Ng'ambo, Unguja